Takwimu hazikushindwa na macho: thamani ya mchezaji wa kikapu inapimwaje

Mei 2025, Shai Gilgeous-Alexander wa Oklahoma City Thunder alipotangazwa kuwa Mchezaji Mwenye Thamani Kubwa Zaidi wa NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, akiwa na kura 71 za nafasi ya kwanza dhidi ya 29 za Nikola Jokić wa Denver Nuggets, tafsiri moja ilienea haraka miongoni mwa mashabiki wa kikapu, wakiwamo wa huku kwetu: kwamba macho yameishinda kompyuta. Jokić alikuwa amemaliza msimu kwa wastani wa pointi 29.6, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 12.7 na asisti (pasi zinazozaa kikapu) 10.2, senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, wa kwanza katika historia ya ligi hiyo kufikisha wastani wa tarakimu mbili katika safu zote tatu, na vipimo vingi vya kitaalamu vilimweka juu ya kila mtu. Ilipotokea kwamba hakuchaguliwa, baadhi ya watu walifurahi kwamba wapiga kura wameutazama mchezo badala ya kusoma majedwali, na wengine wakalalamika kwamba ushahidi umetupwa. Pande hizo mbili zilipingana kuhusu haki ya matokeo, lakini zilikubaliana kuhusu maana yake, na ni katika makubaliano hayo ndipo zilipokosea pamoja.

Kura ile haikuwa shindano kati ya takwimu na macho. Waliompa Gilgeous-Alexander kura walikuwa na namba zao mkononi: wastani wa pointi 32.7 ulioongoza ligi nzima, timu iliyoshinda michezo 68 wakati Denver ilishinda 50, na tofauti ya wastani wa pointi 12.9 kwa mchezo kati ya Thunder na wapinzani wao, kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika NBA. Zilikuwa takwimu dhidi ya takwimu, zikijibu maswali mawili tofauti yaliyopewa jina moja la thamani. Msimamo wangu ni kwamba tukiuliza swali la thamani kwa maana yake halisi, yaani mchezaji huyu anaiongezea timu yake kiasi gani, takwimu zilizokusanywa katika michezo mingi zinastahili kutangulia, na macho yafuate kueleza kwa nini mambo yako hivyo na kama yatabaki hivyo mchezaji akihamia kwingine. Utaratibu huo una sharti la wingi wa michezo. Pale sharti hilo linapokosekana, kama ilivyo katika mashindano mengi ya Afrika na karibu ligi zote za Afrika Mashariki, mpangilio hugeuka, na ni hapo ambapo kuiga hitimisho la Wamarekani bila kuuliza limefikiwaje kunaweza kutugharimu vipaji.

Jambo hili si la kujifurahisha vijiweni tu. Katika NBA tuzo kama hii hufungua mlango wa mikataba ya kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa na kanuni za mishahara; Julai 2025 Gilgeous-Alexander aliongeza mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 285. Mtu anayeamua thamani inapimwaje anaamua pia fedha ziende wapi, nani apewe nafasi na nani arudishwe nyumbani.

Jedwali la mchezo ambalo shabiki amezoea kulisoma halijawahi kuwa picha kamili ya mchezo wa kikapu. Ni orodha ya matukio machache ambayo watu waliamua kuyahesabu, huku mengine wakiyaacha kwa miongo kadhaa. NBA haikuanza kuweka hesabu rasmi ya mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa hadi msimu wa 1973-74, kwa hiyo Bill Russell wa Boston Celtics, aliyetwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13 na kustaafu mwaka 1969, hana hata mtupo mmoja aliouzuia katika kumbukumbu rasmi, ingawa kuzuia ndiyo kazi iliyomjengea jina. Msimu wa 1961-62 Wilt Chamberlain alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo. Tuzo ya mwaka ule ilikwenda kwa Russell, aliyekuwa na wastani wa pointi 18.9, na waliompa ni wachezaji wenyewe, kwa kuwa zama hizo wao ndio waliopiga kura. Watetezi wa macho wanaupenda mfano huu, na wana haki nusu. Wachezaji wale walijua kutokana na kucheza nini hutokea pale mshambuliaji anapoingia chini ya kikapu na kukuta Russell anamsubiri. Boston ilishinda michezo 60 msimu ule, na Warriors ya Chamberlain 49. Lakini kilichoshindwa pale hakikuwa takwimu kama takwimu. Kilishindwa jedwali lenye safu ya pointi lisilo na safu ya ulinzi, na wahenga walikwisha kusema kwamba asiyekuwapo na lake halipo.

Tena kila namba ya jedwali hilo ilianzia machoni mwa mtu. Pointi hazina ubishi mkubwa, lakini asisti ni uamuzi: je, pasi ile ndiyo iliyozaa kikapu, au mfungaji alijitengenezea mwenyewe baada ya kuipokea? Katika NBA watu wanaoamua hayo huajiriwa na timu mwenyeji. Michael Jordan alitwaa tuzo ya mlinzi bora mwaka 1988 akiwa amepora mipira 259 msimu ule, na uchunguzi wa kiuandishi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wastani wake wa kupora akiwa Chicago ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa ugenini, tofauti ambayo ni vigumu kuieleza kwa kelele za mashabiki peke yake. Januari 2023 yalizuka madai ya namna hiyo hiyo dhidi ya mitupo aliyoizuia Jaren Jackson Jr. katika uwanja wa nyumbani wa Memphis. Safari hii ligi ilirudia video za matukio yaliyotiliwa shaka, ikatangaza kwamba hesabu ni sahihi, na mchezaji huyo akatwaa tuzo ya mlinzi bora ya msimu huo. Nimewahi kukaa karibu na meza ya waandishi wa takwimu katika mechi za ligi ya mkoa, nikaona kijana mmoja mwenye kalamu akitakiwa kuwafuata wachezaji 10 kwa wakati mmoja. Mpira unapogongana na mikono minne chini ya kikapu, ribaundi huandikiwa yule ambaye jina lake linajulikana. Anayesema anaamini namba tupu, hajui kwamba anaamini jicho la mtu asiyemfahamu.

Ukitaka kuona tofauti kati ya kuhesabu tukio na kupima thamani, tazama ribaundi za Russell Westbrook wa Oklahoma City msimu wa 2016-17. Alimaliza kwa wastani wa pointi 31.6, ribaundi 10.7 na asisti 10.4, mtu wa kwanza kufanya hivyo tangu Oscar Robertson mwaka 1962, akapewa tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi ingawa timu yake ilishika nafasi ya sita ukanda wa magharibi kwa ushindi wa michezo 47. Mpinzani anapokosa mtupo huru, senta Steven Adams haunyoshei mpira mikono. Anageuka, anampa mgongo senta wa upande wa pili, anashusha nyonga na kumsukuma taratibu mbali na kikapu, na katika nafasi aliyoiacha wazi Westbrook anaingia bila kuguswa, anadaka mpira na kuanza kukimbia nao kabla ulinzi haujajipanga. Jedwali linampa Westbrook ribaundi moja na Adams halimpi chochote. Haukuwa udanganyifu, wala sifa za Westbrook hazikuwa kilemba cha ukoka. Timu iliutaka mpira ufike haraka mikononi mwa mtu mwenye kasi kuliko wote. Ila anayesoma safu ya ribaundi peke yake ataamini kwamba mtu mmoja alifanya kazi ambayo ilifanywa na wawili, na atakosea bei za wote wawili.

Kutokana na upungufu huo ndipo ilipozaliwa namna nyingine ya kuhesabu, na ni hii ninayoitetea. Badala ya kuuliza nani aliugusa mpira, huuliza matokeo yalikwendaje mchezaji fulani alipokuwa uwanjani na alipokuwa benchi, kisha huondoa mchango wa wenzake 4 na wapinzani 5 waliokuwa naye katika kila kipande cha mchezo, hadi kibaki kile kinachoweza kuhusishwa naye mwenyewe. Mapema miaka ya 2000 Dallas Mavericks walianza kutumia hesabu ya aina hiyo iliyotengenezwa na Jeff Sagarin na Wayne Winston, profesa wa Chuo Kikuu cha Indiana. Leo kila klabu ya NBA ina idara yake ya uchambuzi. Mfano wake mzuri ni Shane Battier alipokuwa Houston Rockets chini ya meneja Daryl Morey. Katika misimu yake mingi pale wastani wake wa pointi haukufika 10, haruki sana, hana mbio, na mtazamaji wa kawaida angeweza kumaliza mchezo mzima bila kulikumbuka jina lake. Hata hivyo timu zake zilicheza vizuri zaidi akiwamo, msimu baada ya msimu. Ni baada ya namba kuonyesha hivyo ndipo watu walipomtazama upya na kuona alichokuwa akifanya: alipomlinda Kobe Bryant hakujaribu kuuzuia mpira, jambo ambalo lingempa Bryant nafasi ya kuchezewa rafu, bali alinyoosha kiganja mbele ya macho yake na kumlazimisha atupe kutoka maeneo ambayo shabaha yake ilikuwa dhaifu. Hakuna safu ya jedwali inayoandika kiganja mbele ya macho. Macho ya watu yalikuwapo uwanjani muda wote huo, na hayakuona hadi yalipoelekezwa pa kutazama.

Hoja zinazotetea macho hazilingani kwa uzito. Iliyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi, ni kwamba wanaohesabu hawakucheza mpira na kwa hiyo hawaujui. Charles Barkley, nyota wa zamani wa NBA, aliisema hadharani mwaka 2015 akimshambulia Morey, na huku kwetu inarudiwa kila mara mchambuzi asiye na jina la uchezaji anapotoa maoni. Hoja hiyo humhukumu msemaji na kuliacha lisemwalo. Isitoshe, Battier mwenyewe, bingwa mara mbili na Miami Heat, alirudi katika klabu hiyo mwaka 2017 kuongoza kitengo chake cha uchambuzi wa takwimu. Halafu kuna suala la uwezo wa binadamu. Msimu wa kawaida wa NBA una michezo 1,230, na kila mmoja huchukua zaidi ya saa 2 kuutazama. Anayetaka kuiona yote angehitaji takriban saa 14 kila siku kwa karibu miezi sita. Anayedai kuwapima wachezaji wa ligi nzima kwa macho amewaona vizuri wachache, amewaona kidogo wengi, na sehemu iliyobaki ameijaza kwa vipande vya video vya kudanki na kwa sifa alizosikia. Kumbukumbu yetu hushika kikapu cha dakika ya mwisho na kusahau mizunguko 90 ya mpira iliyotangulia, ingawa kila kimoja kina uzito ule ule kwenye ubao wa matokeo.

Hoja iliyo nzito zaidi upande wa macho ni nyingine, nayo inahitaji kujibiwa kwa heshima: tofauti ya matokeo mchezaji akiwamo na asipokuwamo inategemea pia nani anashika nafasi yake. Denver ya 2024-25 iliporomoka kila Jokić alipokaa benchi, na pengo hilo lilitumika kama ushahidi wa thamani yake. Sehemu ya pengo hilo, hata hivyo, ilikuwa ni udhaifu wa benchi la Denver. Gilgeous-Alexander alipopumzika, Thunder waliingiza wachezaji ambao wangeanza katika timu nyingi, na hivyo mafanikio ya wenzake yalipunguza pengo lake yeye. Hesabu zilizorekebishwa hujaribu kuliondoa tatizo hili, lakini wachezaji wawili wanaoingia na kutoka pamoja karibu kila mara ni vigumu kuwatenganisha kwa hesabu yoyote. Hapo mtazamaji mzuri anahitajika, si kwa sababu jicho lake ni bora kuliko hesabu, bali kwa sababu swali lililobaki ni la sababu na si la kiasi. Kwa maoni yangu Jokić ndiye aliyeongeza zaidi kwa timu yake msimu ule, na Gilgeous-Alexander alikuwa mchezaji bora wa timu bora. Wapiga kura walichagua kuituza hali ya pili, na walikuwa na haki hiyo kwa kuwa kanuni za tuzo hazisemi thamani ni nini.

Kwa Mtanzania mjadala huu una jina la Hasheem Thabeet. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua wa pili katika drafti, yaani zamu za klabu kuchagua wachezaji wapya wa kila mwaka, mbele ya James Harden aliyechukuliwa wa tatu na Stephen Curry aliyechukuliwa wa saba, na tangu hapo kila upande umemtumia kuupiga mwingine. Wanaopinga takwimu husema wastani wake wa kuzuia mitupo 4.2 kwa mchezo akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut ndio uliowapofusha Wamarekani. Wanaopinga macho husema kilichowapofusha ni urefu wa mita 2.21. Ukweli ni kwamba mwaka ule macho na jedwali vilikubaliana, na vilikosea pamoja. Februari 2009 Pittsburgh walipoifunga Connecticut pointi 76 kwa 68, DeJuan Blair, mtu mwenye urefu wa takriban mita 2, alifunga pointi 22 na kudaka ribaundi 23, na katika purukushani moja ya kugombea mpira alimpindua Thabeet juu ya bega lake hadi sakafuni. Thabeet alimaliza na pointi 5 na ribaundi 4. Yeyote aliyetazama usiku ule aliona tatizo la nguvu za chini na mizani ya mwili. Katika NBA tatizo hilo lilikuwa wazi kila usiku: wapinzani walimtuma senta wao juu, mbali na kikapu, akamwekee kizuizi mlinzi wa mpira, ili Thabeet alazimike kutoka chini ya kikapu na kukimbizana na watu wenye miguu myepesi.

Jambo ambalo halisemwi ni hili. Katika msimu wake wa kwanza Thabeet alicheza dakika 13 kwa mchezo na kuzuia mitupo 1.3, ambayo ukiipanua kwa dakika 36 inakuwa zaidi ya 3, kiwango ambacho senta yeyote wa ligi ile angekionea fahari. Namba iliyompeleka Marekani kwa hiyo haikudanganya. Alizuia mitupo chuoni, akaendelea kuizuia NBA, na bado Februari 2010 alishushwa katika ligi ndogo kuchezea Dakota Wizards. Kilichokuwa na kasoro ni kudhani kwamba mitupo iliyozuiwa ni thamani yenyewe. Ni kipande kimoja cha ulinzi, na mlinzi anayezuia mitupo mitatu huku akiacha wazi mingine kumi anaigharimu timu yake. Memphis hawakukosea kwa kuamini takwimu kupita kiasi. Walikosea kwa kuamini takwimu moja nyembamba iliyokuwa ikisema kile kile ambacho macho yao yalitaka kusikia. Inanichoma kwamba kijana aliyeubeba mpira wa kikapu wa Tanzania kufika mbali kuliko mwingine yeyote anakumbukwa kwa nafasi aliyochaguliwa badala ya kukumbukwa kwa kile alichokiweza kweli.

Sasa turudi kwenye sharti la wingi wa michezo, maana hapa ndipo wasomaji wa Afrika Mashariki wana jambo lao. Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021, katika misimu ya 2024 na 2025 iliipa kila timu michezo 6 ya makundi, na hata aliyefika fainali aliongeza michache tu juu ya hiyo. Chukua mchezaji ambaye uwezo wake halisi wa mitupo ya pointi tatu ni asilimia 35, na anayetupa mara 5 kwa mchezo. Baada ya michezo 6 ametupa mara 30. Kwa bahati tu, bila uwezo wake kubadilika hata kidogo, anaweza kuingiza 8 au akaingiza 13, yaani asilimia 27 au asilimia 43. Wa kwanza ataachwa na klabu, wa pili ataitwa mpiga shabaha hatari, nao ni mtu yule yule. Stephen Curry alipoingiza mitupo 402 kati ya 886 ya pointi tatu msimu wa 2015-16, hakuna bahati iliyoweza kujificha ndani ya idadi hiyo. Kwa michezo 6, jicho la kocha linaloona kwamba kiwiko cha mtupaji kimekaa sawa na kwamba miguu yake iko tayari kabla pasi haijafika lina habari nyingi kuliko asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi. Ligi zetu za mikoa zina michezo mingi kidogo kuliko hiyo, lakini namba zake hutoka kwenye kalamu ya kijana mmoja mezani, na hakuna video ya kuzirudia.

Ndiyo maana nina wasiwasi na desturi inayokua ya kuchagua wachezaji wa timu za vijana kwa orodha ya wafungaji bora na kwa kipimo cha urefu. Desturi hiyo inaonekana ya kisayansi kwa kuwa ina tarakimu, ilhali inachukua sehemu dhaifu kuliko zote ya takwimu, pointi za jumla, na sehemu dhaifu kuliko zote ya macho, umbo. Mfungaji bora wa mashindano ya shule mara nyingi ni yule aliyeruhusiwa kutupa kuliko wenzake wote. NBA iliweka kamera maalumu katika viwanja vyake vyote msimu wa 2013-14, zikinasa nafasi ya kila mchezaji na mpira mara 25 kwa sekunde, na hatuhitaji kuzisubiri. Simu moja iliyofungwa juu ya jukwaa inatosha kurekodi mchezo mzima, na baada ya hapo watu wawili wanaweza kukaa na kuhesabu mambo ambayo meza haiyaandiki: nani alimpa mpinzani mgongo ribaundi ikadakwa na mwenzake, nani aliwahi kuziba nafasi ya mlinzi aliyepitwa, matokeo yalikuwaje kila kikosi cha watu watano kilipokuwa uwanjani. Shirikisho likihifadhi video za namna hiyo kwa misimu 3 au 4 mfululizo, kocha wa timu ya taifa atakuwa na michezo ya kutosha kuanza kuzipa namba zetu uzito ambao kwa sasa hazijaustahili; hadi hapo, anayechagua kikosi anapaswa kwenda uwanjani mwenyewe, tena mara nyingi, na kumtazama mchezaji wakati mpira hauko mikononi mwake.